Hawkins aliupeleka wapi wimbo? Jibu kuhusu Body and Soul

Kijana wa miaka 23 kutoka Morogoro, mpuliza saksafoni ya tenori kwenye bendi ya dansi, ameniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Wimbo wa Body and Soul niliusikia kwanza kwa waimbaji Tony Bennett na Amy Winehouse, nikaupenda sana. Mzee mmoja wa bendi yetu akaniambia niutafute ule wa Coleman Hawkins, kwamba huo ndio wenyewe. Nimeusikiliza zaidi ya mara 20 na wimbo siusikii. Anapiga kidogo pale mwanzo, halafu anaanza mambo yake hadi mwisho. Je, ni wimbo ule ule? Kama ndio, sasa wimbo huu ni wa nani? Na mimi nikitaka kuupiga, nianzie wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na lile linalokusumbua zaidi. Ndiyo, ni wimbo ule ule. Hawkins, mpuliza tenori wa jazz wa Marekani, hakuupunguza hata kipimo kimoja, yaani fungu moja la mapigo, wala hakuuongeza. Anaupiga wote kuanzia mwanzo hadi mwisho, tena mara mbili. Alichokiacha ni ile njia ambayo sauti ya mwimbaji hupita. Vingine vyote vimo.

Nakuelewa, maana hata mimi nilipoupata kwenye kaseti miaka mingi iliyopita nilidhani aliyenirekodia kachanganya. Juu ya kaseti aliandika Body and Soul, ndani nikamkuta mtu anazungumza na saksafoni kwa dakika 3 hivi bila kurudia neno. Niliirudisha kaseti ile nyuma kwa kalamu mpaka utepe ukalegea. Aliyenifungua masikio ni mpiga piano mmoja, sasa ni marehemu, aliyenipa zoezi dogo: niimbe maneno kimoyomoyo wakati Hawkins anapiga. Lifanye leo. Subiri piano imalize utangulizi wa vipimo 4, kisha anza kuimba kama alivyoimba Bennett, ila ufuate mwendo wa santuri ya Hawkins. Utakapofika katikati, pale wimbo unapobadilika, utamkuta naye kafika. Utakapomaliza neno la mwisho, naye atakuwa anafunga duru ya kwanza na kuingia ya pili. Hapo utajua kwamba muda wote huo mlikuwa njia moja.

Sasa tuje kwenye asili yake. Wimbo huu haukutungwa na mwanajazi, wala aliyeutunga hakufikiria saksafoni. Aliyetunga muziki ni Johnny Green wa New York, aliyezaliwa 1908. Alisoma uchumi Harvard, akafanya kazi Wall Street kwa muda mfupi, kisha akaacha fedha akafuata piano. Alikuwa akimpigia piano Gertrude Lawrence, mwigizaji na mwimbaji wa Kiingereza, na ndiye aliyemtungia wimbo huu akiwa na miaka 21 tu. Maneno ni ya Edward Heyman na Robert Sour, na jina la Frank Eyton wa Uingereza limo pia. Lawrence akaondoka nao kwenda kwao. Ndiyo maana wimbo huu wa Kimarekani ulianza kusikika London, na mwanzoni mwa 1930 bendi za huko, ya Ambrose na ya Jack Hylton, zilikuwa zimeshaurekodi kabla Marekani haijaujua vizuri.

Marekani ulipata jukwaa Oktoba 1930, Libby Holman alipouimba kwenye onesho la Broadway, mtaa wa kumbi za maonesho huko New York, lililoitwa Three's a Crowd. Mwezi huo huo Louis Armstrong akaurekodi Los Angeles, naye Paul Whiteman akauingiza kwenye santuri iliyouzwa nchi nzima. Maneno yake ni ya mtu anayempenda asiyempenda. Yuko tayari kujitoa mzima, mwili na roho, na bado haeleweki. Shabiki yeyote wa taarab angeyapokea maneno hayo bila kuuliza maana. Mwaka ule nyimbo za namna hiyo zilitungwa kwa mamia, na nyingi zilikufa pamoja na maonesho yake. Huu ulipona kwa sababu nyingine, na sababu hiyo iko chini ya maneno.

Kabla hatujaingia huko, nikuondolee jambo moja ambalo najua huwachanganya vijana wa Morogoro kuliko wengine. Mji wako ulikuwa na Morogoro Jazz ya akina Mbaraka Mwinshehe. Kulikuwa na Dar es Salaam Jazz, na Western Jazz, na kule Kinshasa OK Jazz ya Franco. Hao wote walibeba neno "jazz" kwa maana ya bendi ya kisasa ya dansi, yenye magitaa na mapulizo, na mwalimu wao mkubwa alikuwa rumba ya Cuba iliyokuja kwa santuri. Muziki wa Hawkins ni ndugu, lakini ni wa nyumba nyingine. Katika dansi, mpiga solo hupewa uwanja wake pale kwenye chemko, wimbo ukishaimbwa. Kwa Hawkins hakuna chemko. Wimbo wenyewe, beti na yote, ndio uwanja.

Uwanja wenyewe basi ukoje? Body and Soul una vipimo 32, kila kipimo mapigo 4. Vimegawanywa mafungu manne ya vipimo 8. Fungu la kwanza ni beti. La pili ni sauti zile zile na maneno mengine. La tatu ni kipande cha kati ambacho wanajazi hukiita daraja. La nne ni kurudi kwenye beti na kufunga. Mpangilio huo ni wa kawaida kabisa, nyimbo nyingi za Broadway za miaka ile zimejengwa hivyo. Ajabu iko kwenye kodi, yaani yale mafungu ya sauti ambayo mpiga gitaa au piano huyashika chini ya mwimbaji.

Nyimbo nyingi tunazopiga sisi za dansi zina kodi 3 au 4 zinazozunguka, na uzuri wake ni kwamba mpiga solo hapotei. Anaweza kufumba macho. Body and Soul haukuruhusu kufumba macho. Ufunguo wake wa kawaida, yaani sauti yake ya nyumbani, ni D flati, ambao kwenye nota za tenori yako huandikwa E flati. Ukiutazama tu utasema ni rahisi. Lakini kodi ya kwanza si ya nyumbani. Wimbo unaanzia kwenye ile maina ya pili, yaani kodi ya maina inayosimama juu ya sauti ya pili ya ufunguo, kwako F maina, kana kwamba mtu kaingia mazungumzoni katikati ya sentensi. Sauti za mwimbaji pale mwanzo ni mbili jirani zinazopokezana, hazina haraka, hazitaki kitu. Huku chini kodi zinabadilika kila mapigo mawili. Yaani juu pametulia, chini watu wanahama nyumba.

Halafu ufike kwenye daraja. Kipimo cha 17 kinauchukua wimbo wote na kuupandisha nusu sauti. Kutoka D flati unajikuta D, kwako E, yenye shapu nne. Nusu sauti ni hatua fupi kuliko zote kwenye piano, lakini kwa mwanamuziki ni moja ya safari za mbali sana, maana kodi hizo mbili karibu hazina sauti hata moja ya kushirikiana. Unakaa huko vipimo 4. Halafu bila kukuuliza, wimbo unashuka hadi C, kwako D, vipimo 3. Kisha kipimo cha 24, cha mwisho wa daraja, kina kodi tatu zinazoteremka nusu sauti kwa nusu sauti kama mtu anayeshuka ngazi gizani, na ukikanyaga ya mwisho unajikuta mlangoni mwa beti, pale pale ulipoanzia. Mwimbaji anaweza kupita daraja hilo bila kujua amevuka funguo ngapi. Mpuliza saksafoni hawezi. Ama anajua yuko wapi, ama kila mtu ukumbini anajua kwamba hajui.

Ndiyo sababu wanamuziki waliung'ang'ania. Waliona hapa pana mtihani wenye uzuri ndani yake. Julai 1935 Benny Goodman aliurekodi na watatu wake, yeye kwenye klarineti, Teddy Wilson kwenye piano na Gene Krupa kwenye dramu. Santuri hiyo iliwaweka studio moja Wazungu wawili na Mweusi mmoja, wakati kumbi za Marekani hazikuruhusu bado jambo hilo kwa urahisi. Wilson anapiga daraja lile kwa unadhifu ambao mpaka leo nawaambia wanafunzi wausikilize kabla ya kitu kingine. Mwaka 1938 Chu Berry, mpuliza tenori aliyekuwa akija juu kwa kasi, aliurekodi pamoja na mpuliza tarumbeta Roy Eldridge. Kumbuka jina la Berry, maana ndiye mmoja wa waliomfanya Hawkins arudi nyumbani na la kuthibitisha.

Coleman Hawkins alizaliwa 1904 huko Saint Joseph, Missouri. Alifundishwa piano akiwa mdogo sana, kisha seloo, halafu ndipo saksafoni. Ni jambo kubwa hilo. Piano ilimwonyesha kodi kwa macho, na seloo ilimpa ile sauti nene yenye mtetemo. Wakati anaanza kazi, saksafoni ya tenori ilikuwa chombo cha kuchekeshea watu, cha kulia kama bata kwenye maonesho. Kwa miaka kama 10 kwenye bendi ya Fletcher Henderson aliigeuza ikawa chombo cha mtu mzima. Mwaka 1934 akaenda Ulaya, akapiga Uingereza, Ufaransa, Uholanzi, na alipokuwa Paris alirekodi na mpiga gitaa Django Reinhardt. Alikaa miaka 5. Aliporudi New York Julai 1939, vita vikinukia huko alikotoka, alikuta wadogo zake katika tenori wamekua. Lester Young alikuwa na sauti nyepesi na njia yake kabisa. Ben Webster yupo. Chu Berry yupo. Watu walikuwa wanauliza kama mzee wa miaka 34 bado ana kitu.

Akapata kazi kwenye klabu iitwayo Kelly's Stable, na usiku alikuwa akiupiga Body and Soul, duru baada ya duru, kadiri alivyotaka. Tarehe 11 Oktoba 1939 akaingia studio na bendi yake ya watu 9 kurekodi kwa ajili ya Bluebird, chapa ya bei nafuu ya kampuni ya RCA Victor. Watu wa kampuni wakamwomba aongeze na ule anaoupiga klabuni. Hakuwa na mpangilio ulioandikwa. Na upande mmoja wa santuri ya mizunguko 78 ulibeba dakika 3 na kidogo, basi. Kwa mwendo ule wa polepole, dakika 3 ni duru mbili. Mtu aliyezoea kupiga duru 10 akapewa mbili.

Sikiliza alichofanya nazo, na tafadhali usisikilize kwa spika ya simu. Vaa spika za masikioni. Gene Rodgers anafungua kwa piano, vipimo 4. Hawkins anaingia kwa sauti za wimbo karibu kama zilivyo, laini, karibu na kipaza sauti kiasi kwamba unasikia pumzi yake kwenye ulimi wa saksafoni. Vipimo viwili hivi. Ndipo anapoondoka. Lakini sikiliza namna anavyoondoka: haruki, anateleza. Sauti ya wimbo uliyokuwa unaingoja inakuja ikiwa katikati ya sauti nyingine sita, kama mtu unayemfahamu akipita ndani ya umati. Kila kodi anayopita anaifungua, anazitaja sauti zake moja moja kutoka chini kwenda juu au juu kwenda chini, na kati ya kodi moja na nyingine anaongeza nyingine za kupitia ambazo Green hakuziandika. Ndizo zilizowafanya wasikilizaji wengine wa wakati ule waseme anapotea sauti. Hakuwa anapotea. Alikuwa anaona vyumba ambavyo wao hawakujua vimo.

Duru ya pili wenzake wenye mapulizo wanaingia chini yake taratibu, wanashika sauti ndefu tu, hawamsumbui. Yeye anazidi kupanda. Sauti inakuwa nene, mtetemo unapanuka, misemo inakuwa mirefu. Anavuka daraja kwa mara ya pili kwa nguvu kuliko ya kwanza, na beti ya mwisho ndiyo kilele, huko juu kabisa mwa tenori. Kisha anashuka, wenzake wanampisha, anamalizia karibu peke yake na bendi inafunga. Mimi nimeisikiliza rekodi hii kwa miaka isiyopungua 30 na bado kipimo cha kwanza cha beti ile ya mwisho hunisimamisha nilipo.

Nataka uone jinsi lilivyojengeka. Watu husema "alipiga bila kufikiri, moyo tu". Siafiki kabisa. Moyo ulikuwepo, lakini vipimo 64 vinavyopanda ngazi kwa ngazi kiasi hicho, bila msemo mmoja wa kujazia, ni kazi ya mtu aliyejua kutoka kipimo cha kwanza atakuwa wapi kwenye cha sitini. Hilo ndilo lililokuwa jipya. Wapuliza saksafoni wengi kabla yake walikuwa wakiupamba wimbo: sauti za mwimbaji ziko pale pale, wao wanaongeza urembo. Hawkins alizichukua kodi akatunga juu yake wimbo mwingine mzima, na huo wa pili ukasimama wenyewe.

Na watu wakaununua! Jambo hilo lilimshangaza kila mtu, hata yeye. Santuri isiyo na mwimbaji, isiyo na kiitikio, isiyo na sauti za wimbo wenyewe isipokuwa pale mwanzo, ikawa inapigwa kwenye mashine za santuri za baa Marekani nzima, na kuanzia hapo Hawkins hakupanda jukwaa bila kuombwa wimbo huo, mpaka alipofariki 1969. Mwaka 2004 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza rekodi hiyo kwenye orodha ya sauti za kuhifadhiwa kitaifa. Ninachokipenda mimi ni zile baa. Inaonyesha kwamba msikilizaji wa kawaida, akipewa kitu kigumu chenye ukweli ndani yake, hukipokea.

Swali lako la pili, wimbo ni wa nani. Kisheria sauti za wimbo ni za Green na maneno ni ya akina Heyman. Hawkins hakuandikiwa kitu kama mtunzi, ingawa ni yeye aliyeufanya ujulikane kwa wanamuziki wote duniani. Lakini sheria hailindi mpangilio wa kodi ukiwa peke yake, na hilo wanajazi walilijua vizuri. Mwaka 1944 Hawkins alirekodi kitu alichokiita Rainbow Mist, akiwa na vijana kama Dizzy Gillespie kwenye tarumbeta na Max Roach kwenye dramu. Kisikilize. Ni kodi za Body and Soul, juu yake kaweka sauti zake, na safari hii mtunzi ni yeye. Mimi nauona uamuzi huo kuwa wa haki kabisa.

Kwa upande wako wa kurekodi: Marekani hulinda kazi zilizochapishwa 1930 kwa miaka 95, kwa hiyo huko wimbo ulitoka kwenye ulinzi mwisho wa 2025. Usidhani ndivyo ilivyo kila mahali. Nchi nyingi, yetu ikiwemo, huhesabu miaka kuanzia mtunzi anapofariki, na Green aliishi hadi 1989. Isitoshe, wimbo na rekodi ni vitu viwili tofauti. Kupiga kwenye mazoezi hakuna anayekuuliza, lakini kabla ya kuuza chochote pita COSOTA, ofisi ya hakimiliki, uulize.

Waliofuata baada ya Hawkins ni wengi mno, nitakutajia wale ambao mpuliza tenori anapaswa kuwasikia. Kwanza Charlie Parker, ingawa ni wa alto, kwa sababu ya kisa alichokisimulia mwenyewe. Akiwa bado mtoto wa shule huko Kansas City alipanda jukwaani na watu wazima, akajaribu kuupiga Body and Soul kwa kasi maradufu. Wakamcheka. Akaenda nyumbani akalia, akakaa miezi 3 bila kugusa saksafoni. Baadaye, mnamo 1940, alijirekodi akiupiga peke yake bila mtu wa kumsaidia, na kwenye rekodi hiyo yenye mikwaruzo unasikia kijana ambaye amelijua daraja lile hata akiamshwa usingizini. Ukichekwa jukwaani, na utachekwa, mkumbuke huyo.

Mwimbaji Eddie Jefferson alifanya jambo ambalo wewe uliyekulia kwenye dansi utalipenda. Alichukua solo ya Hawkins, sauti kwa sauti, akaitungia maneno na kuiimba. Yaani kile ulichokiona si wimbo, yeye alikiimba kama wimbo. Mtafute. Ukimsikia Jefferson kisha urudi kwa Hawkins, hutasema tena kwamba husikii kitu.

John Coltrane aliurekodi Oktoba 1960, na hapo utaona kwamba hata mtihani unaweza kutungiwa mtihani mwingine juu yake. Aliweka sauti moja ya besi inayorudiwa chini ya beti, ikatuliza yale mahame yote ya kodi niliyokueleza, halafu alipofika kwenye daraja akaongeza kodi kuliko alizoziweka Green. Pale penye shida akapunguza, pale penye shida zaidi akazidisha. Wapuliza tenori wengi baada yake, Dexter Gordon mmojawapo, walifuata njia hiyo, kwa hiyo ukialikwa kupiga wimbo huu na wageni uliza kwanza: ni kodi za zamani au za Coltrane? Swali hilo litakuokoa. Mwaka 2008 Esperanza Spalding, mpiga besi na mwimbaji, aliuimba kwa Kihispania kwa mapigo 5, na bado nyumba haikuanguka.

Na hao uliowapenda wewe. Bennett na Winehouse waliurekodi Machi 2011 kwenye studio za Abbey Road, London. Yeye Bennett alikuwa na miaka 84, ameuimba wimbo huu kwa miaka mingi. Winehouse alikuwa na 27 na hofu nyingi. Kwenye picha za siku ile unamwona anajilaumu kila akimaliza, mzee anamtuliza, na alipomtajia kwamba anamsikia mwimbaji Dinah Washington ndani ya sauti yake, binti yule akachangamka, maana Dinah alikuwa mmoja wa waliomlea kimuziki. Julai mwaka ule akafariki. Rekodi ikatoka tarehe 14 Septemba, siku ambayo angetimiza miaka 28, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Grammy. Kwa hiyo usione aibu kwamba ulianzia hapo. Sikiliza anavyochelewesha neno, analivuta nyuma ya pigo, analitoa wakati umeshaacha kulingoja. Hiyo ni mbinu ya wapuliza saksafoni hasa. Mzee wa bendi yenu hakukosea kukutuma kwa Hawkins, lakini nawe hukukosea mlango.

Mwisho, uanzie wapi. Usianze na Hawkins. Najua utataka. Utapata solo yake imeandikwa kwa nota, utaikariri kwa mwezi mmoja, utaipiga vizuri, na siku mpiga piano atakapobadilisha kodi moja utabaki umeshika bati mkononi. Anza na maneno. Yajue yote, uyaimbe ukiwa unaoga, ukiwa kwenye daladala. Ukishayajua, yapige kwenye tenori kama yalivyo, bila urembo wowote, ukivuta pumzi pale mwimbaji anapovuta. Kaa hapo wiki mbili na usichoke, maana kupiga wimbo wa taratibu bila kuongeza kitu ni kugumu kuliko kuongeza.

Kisha mwombe mpiga besi wa bendi yenu akae nawe jioni moja. Yeye apige sauti ya chini ya kila kodi, wewe uipige pamoja naye, sauti moja ndefu tu kwa kila kodi, beti yote na daraja lote. Mkibadilishana mkaongeza sauti ya tatu ya kila kodi, mtashangaa: sauti hizo mbili zenyewe tayari zinasikika kama wimbo. Ndipo urudi kwa Hawkins, uchukue vipimo 8 vya kwanza pekee, kwa sikio, siyo kwa karatasi. Mtu akikupa karatasi ikunje, itunze, uifungue ukishamaliza ili ujisahihishe. Kila sauti uipatie jibu: hii ni ya kodi gani, au ni ya kupitia? Vipimo 8 hivyo vikikuchukua miezi miwili, ni muda wa kawaida.

Daraja liwe la mwisho. Ligawe: kwanza vipimo 4 vya E, peke yake, mpaka vidole vizizoee zile shapu nne. Halafu vipimo 3 vya D. Halafu kile kipimo cha 24 chenye kodi tatu zinazoshuka, kwako D, C shapu, C, kisha unaingia kwenye F maina ya beti. Kipige hicho polepole, sauti tatu tu na ile ya nne ya kufikia, asubuhi na jioni, kabla ya kuongeza chochote. Siku utakapokivuka mara kumi mfululizo bila kutazama vidole, jirekodi kwa simu, duru moja, hata kama kuna kuku wanawika nyuma, unitumie. Nitaisikiliza yote.